Si Mafuta ya Lode, Baba

Aalst, Alhamisi, tarehe 13 Machi

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla sijasema lolote nakuuliza hali. Nyonga inaendeleaje? Bado inakuuma unaposhuka ngazi asubuhi, au yale mazoezi yameanza kukusaidia? Huku Aalst baridi imelegea kidogo ila upepo ni uleule. Mimi ni mzima. Kazini tumezidiwa, maana kanivali imeisha na watu wanatuletea meno waliyovunja wakicheza barabarani. Zile keki zako za maziwa mgando nilizichukua kazini, na daktari wa meno ninayemsaidia alikula tatu kwa mkupuo. Akasema waokaji kama wewe wangepaswa kupigwa marufuku kustaafu. Nilimwambia nitakufikishia, basi nimefikisha.

Najua utashangaa kupata barua ya mtu uliyemwona jikoni kwako juzi tu. Lakini, Baba, mara tatu nimekuja Geraardsbergen nikiwa nimekusudia kusema jambo, na mara zote tatu nimeishia kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Halafu ukivua vile vifaa vya masikio unasikia nusu, na hili sitaki ulisikie nusu. Kwa hiyo nimeketi na kalamu. Nakuomba uisome hadi mwisho, hata kama katikati utatamani kuitupa jikoni kwenye moto.

Nianze na habari njema. Mwanao Goedele anaendelea vizuri. Kila asubuhi, jua halijapanda, anatembea nusu saa kando ya mto akiwa na ile kofia yake pana inayokuchekesha. Jumanne na Ijumaa anakwenda kwenye mazoezi ya watu waliougua moyo. Yeye ndiye mdogo kuliko wote mle. Wazee wa miaka sabini wanamwita mtoto, na mmoja alimuuliza eti amemsindikiza nani. Akamjibu, "Nyie mmefikishwa hapa na sigara na bia. Mimi nimefikishwa na mwili wangu mwenyewe, bure kabisa." Unamjua mdomo wake. Juma lililopita walimpima damu, na ile kolesteroli mbaya imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu Januari. Daktari Claeys, yule anayemtibu lupus, alifurahi, ila akamwonya asichinje kuku wa sherehe, kwa sababu hii ni kazi ya maisha yote.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyopita. Ulipoweka kijiko chini ukasema kwamba baada ya Pasaka Goedele anarudi kwenye chumba chake cha zamani, na huyo muuza chipsi abaki na mafuta yake, uliona kwamba Goedele aliinuka akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. Hukuona macho yake aliporudi, kwa kuwa alikaa upande wa dirisha makusudi. Wakati huo Lode alikuwa kwenye gari, pale kona ya mtaa, anasoma gazeti kwa mara ya pili. Ni mwezi wa pili sasa anamleta mkewe kwako na kumsubiri nje kama dereva wa teksi. Na mimi nilikuwa mbele ya jiko nakoroga supu. Sikugeuka. Supu ile haikuhitaji kukorogwa.

Juzi Goedele alinipigia simu akaniambia hajui afanye nini. Alisema hawezi kukukatalia wewe, na hawezi kumwacha Lode, na kila akiwaza moyo unaanza kumwenda mbio mpaka inabidi aketi. Ndiyo maana siwezi kungoja tena.

Baba, wewe umeamini tangu Januari kwamba ni kibanda cha chipsi kilichomwangusha Goedele. Nakuelewa. Lode anakaanga kwa mafuta ya ng'ombe kama babu yake alivyokaanga, na mtu akisikia neno kolesteroli jambo la kwanza kumjia kichwani ni sufuria la mafuta. Lakini nilimwomba Daktari Claeys anieleze taratibu, kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, nami nataka nikueleze vilevile.

Unakumbuka mwaka ule Goedele alipotimiza ishirini na tisa, alipoanza kuvimba vidole na kupata ule wekundu usoni, na Mama akadhani ni sabuni? Tangu siku ile tumezoea kusema lupus ni ugonjwa wa viungo na ngozi. Daktari anasema hiyo ni sehemu tu ya hadithi. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na vijidudu, imegeuka kupigana na mwenye mwili. Inapigana kimyakimya miaka na miaka, hata siku ambazo yeye mwenyewe anajisikia mzima, na moja ya mahali inapopigania ni ndani ya mishipa ya damu. Kuta za mishipa zinakwaruzika, na kolesteroli inapata pa kunata. Kisha kuna zile dawa za prednisoloni za kuituliza lupus. Uliona zilivyoufanya uso wake kuwa wa duara ule mwaka figo zilipoguswa. Ziliokoa figo zake, hakuna anayebisha, lakini dawa hizo zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu zinapandisha mafuta ya kwenye damu na shinikizo pia. Na figo zenyewe, zilipokuwa zinavujisha protini, zilizidi kuyapandisha. Ndiyo sababu mwanamke wa miaka arobaini mwenye lupus anaweza kuwa na mishipa ya mtu wa sitini.

Nikamuuliza Daktari, je, chakula? Akasema chakula kinasaidia sana na mtu asikidharau, kutembea kunasaidia, kutovuta sigara kunasaidia mno. Ila kwa Goedele visingetosha. Maneno yake yalikuwa haya: "Huyu hata angekula majani kama sungura, bado angehitaji dawa."

Sasa kuhusu majani ya sungura, nakwambia jambo ambalo hukuwahi kuliona kwa kuwa kila mara wao ndio wanaokuja kwako. Miaka minne iliyopita, siku Daktari alipomwonyesha Goedele tarakimu za kolesteroli yake na kumwandikia dawa, Lode alirudi nyumbani akafungua kabati za jikoni akatoa siagi, soseji na mayonezi yote, akapeleka kibandani. Tangu siku hiyo nyumbani kwao haijaingia hata tone la mafuta ya ng'ombe. Asubuhi anampikia uji wa shayiri kabla hajaenda kumenya viazi. Jumatatu dengu, Jumatano maharage, samaki mara mbili kwa juma. Mwanzoni dengu zake zilikuwa kama saruji, na Goedele akamwambia akaziuze kwa mafundi wa barabara. Akajifunza. Huyo mtu anakaa siku nzima katikati ya harufu ya chipsi, na akirudi nyumbani anakula dengu na mkewe ili mkewe asile peke yake. Goedele anacheka anasema, "Baba aliuza keki za siagi miaka arobaini, leo anamlaumu Lode!" Usimkasirikie. Anasema kwa upendo, na nusu yake ni kweli.

Nirudi kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya Januari, saa kumi na moja jioni, na Goedele alikuwa kibandani akimsaidia kwenye dirisha la wateja. Tangu asubuhi alikuwa na maumivu ya taya na mgongo, na kichefuchefu, na uchovu wa kutoweza kuinua mkono. Hakudhani ni moyo. Kwenye sinema watu wanajishika kifua wanaanguka, yeye kifua hakikumuuma. Alidhani lupus imeamka, akameza dawa ya maumivu, akafunga aproni. Lode ndiye aliyemtazama akaona rangi ya midomo yake. Alizima majiko na wateja wamejipanga, akapiga simu ya dharura, akamlaza sakafuni juu ya makoti ya watu. Daktari wa moyo alituambia kwamba dakika zile ndizo zilizomwokoa. Waliingiza vijibomba viwili vya waya kwenye mishipa ya moyo ili isizibe. Upande mmoja wa moyo umebaki dhaifu, na huenda utabaki hivyo.

Siku ya tatu ukaletwa hospitali kumwona, ukiwa bado unatembelea fimbo mbili. Mimi nilikuwa nimeshika koti lako. Ukamkuta Lode kwenye korido, na ukamwambia mbele ya manesi na wageni wa watu, "Mafuta yako ndiyo yaliyomlaza mwanangu humu. Kaanga, uza, ua wengine ukitaka, lakini huyu wangu mwache." Lode alivua kofia. Akaitazama ile kofia. Hakusema hata neno moja. Wewe ulichukua kimya kile kuwa ni cha mtu mwenye hatia, na wote waliokuwepo walichukua hivyo.

Mimi nilijua si hivyo, na nilinyamaza.

Baba, vuta pumzi. Siku Goedele alipoanguka hakuwa anameza dawa yake ya kolesteroli. Alikuwa ameiacha tangu Juni ya mwaka jana. Na aliyemwambia aiache ni mimi.

Nakusimulia ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Ulipovunjika nyonga mwezi wa Februari mwaka jana tulipanga zamu: yeye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mimi siku nyingine. Mwezi wa tano miguu ikaanza kumuuma. Mapaja yalimuuma kama ya mtu aliyepanda mlima, na hakuweza kupandisha sinia la chakula chako hadi chumbani. Nikachukua zamu zote. Ilikuwa wiki tano. Nilikuwa nikitoka kliniki napanda treni kuja kwako, nakuosha, nakupikia, narudi Aalst, naamka. Sikulalamika kwako, ila moyoni nililalamika sana, tena sikulalamikia ugonjwa wa Goedele, nilimlalamikia yeye. Nilianza kuhesabu siku zangu na zake kama mtoto anayegawiwa biskuti.

Basi siku moja mchana, mwezi wa sita, tumekaa jikoni kwako tunamenya zile mboga za asparaga nyeupe ulizotumiwa na jirani, nikamwambia nimesoma kwenye mtandao kwamba vidonge vya kolesteroli vinaharibu misuli. Nilikuwa nimesoma kweli, lakini nilisoma alichoandika mwanamke mmoja nisiyemjua, kwa dakika chache, nikiwa kwenye treni. Nikamwambia, "Una vidonge saba kwa siku. Acha hicho kimoja tu. Ndicho kinachokuumiza." Akauliza kama asimpigie Daktari Claeys kwanza. Nikamwambia, "Ukimpigia atakuandikia kingine. Utamwambia Septemba." Alinitazama kidogo, kisha akacheka akasema, "Haya, wewe ndiye unayevaa koti jeupe." Koti jeupe, Baba. Kazi yangu ni kumkabidhi daktari wa meno koleo na kumshikilia mgonjwa kikombe cha kusukutulia. Nililijua hilo, na nikaliacha lile koti liseme badala yangu.

Baada ya wiki tatu miguu ilipona. Unakumbuka Julai alivyokuwa akipanda ngazi zako anaimba? Nilifurahi mno. Sikwambii uongo, nilifurahi kwa ajili yake, na nilifurahi kwa ajili ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zangu.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hilo la Juni. Septemba alikwenda kupimwa. Daktari akamuuliza kama anameza dawa zote, naye kwa aibu akasema ndiyo. Siku chache baadaye Daktari akampigia simu, akasema kolesteroli imepanda mno, arudi wazungumze. Goedele akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa, na alikuwa ananipigia ili nimwambie arudi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni dukani. Nikamwambia asiwe na haraka, avuke Krismasi kwanza, aongeze uji wa shayiri, na mwaka mpya ukianza ataanza tena dawa. Mwaka mpya ulianza. Yeye aliahirisha juma moja, na mimi sikumuuliza, kwa sababu zamu zilikuwa zinakwenda vizuri.

Sikwambii haya ili nikutwishe wewe. Nyonga yako haina kosa, na kukuhudumia halikuwa kosa. Ningeweza kukwambia nimechoka, na wewe ungemwita mwuguzi wa nyumbani bila kinyongo, kama ulivyofanya Januari. Sikusema kwa kuwa nilitaka nionekane binti asiyechoka.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa Daktari Claeys, mimi na Goedele, tukamweleza yote. Niliogopa atatufukuza. Alivua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema hakuna mtu duniani anayeweza kusema kwa yakini kwamba kile kidonge kingezuia yaliyotokea, kwa sababu lupus ilikuwa imefanya kazi yake kwa miaka kumi na minane. Lakini akasema pia hatatudanganya: kinga ile ilikuwa muhimu, na tuliiondoa. Akauliza kwa nini hatukupiga simu. Maumivu ya misuli yanajulikana, alisema, na angemtoa damu mara moja tu kuangalia kama ni dawa au ni lupus yenyewe, maana hata lupus inauma misuli. Kama ni dawa angepunguza kipimo au angembadilishia aina. Hicho ndicho alichofanya sasa. Goedele anameza aina nyingine, kipimo kidogo, pamoja na kidonge cha pili cha kuisaidia, na miguu haimuumi hata kidogo. Baba, dawa ya kumfaa ilikuwapo muda wote. Ilikuwa mbali na sisi kwa simu moja.

Tukiwa kwenye maegesho nilianza kulia, na Goedele akaniambia niache. Alisema, "Nina miaka arobaini na saba. Vidonge nilivificha mimi kwa mikono yangu, na Daktari nilimdanganya mimi kwa mdomo wangu. Usichukue kosa lote. Tangu utotoni unapenda kuchukua kipande kikubwa." Nilicheka na kamasi zikinitoka. Lakini nikajua kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakuwa na hata kipande kidogo, na ndiye aliyekuwa amepewa sahani nzima.

Jana ilikuwa Jumatano, siku ambayo kibanda cha Lode kinafungwa. Nilimkuta Lode kibandani anasugua majiko, mikono imejaa sabuni hadi kwenye viwiko. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni na koti langu mwilini, kwa kuwa nilijua nikiketi sitasema. Akaendelea kusugua. Nilipomaliza akasema, "Najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya pili. Alikuwa amerudi nyumbani kumchukulia nguo za kulalia, akavuta droo ya cherehani kimakosa, akakuta maboksi saba ya dawa hayajafunguliwa. Alimuuliza Goedele hospitalini, naye akamweleza kila kitu, pamoja na jina langu.

Baba, hesabu mwenyewe. Alijua siku ya pili. Wewe ulimsimamisha kwenye korido siku ya tatu.

Nikamuuliza, kwa nini basi alinyamaza? Kwa nini hakunyoosha kidole, mimi nikiwa nimesimama palepale nimeshika koti? Akafunga bomba, akajifuta mikono, akanijibu kwa ile sauti yake ya chini unayosema ni ya mtu mvivu. "Mzee ana mabinti wawili, na mmoja alikuwa kitandani na waya kifuani. Akinikasirikia mimi, atakula na atalala. Akikukasirikia wewe, hatakula wala hatalala. Mimi ni mkwe tu, Veerle. Mkwe ameumbwa kukasirikiwa." Halafu akaniambia nisikwambie. Alisema atakaa kwenye gari hata mwaka mzima, ana magazeti ya kutosha, kinachomkosesha raha ni kukosa kutazama mbio za baiskeli na wewe, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeshabikia vibaya kama wewe.

Nilitoka pale nikatembea hadi stesheni, nikaacha treni mbili zipite. Kwa miezi miwili mtu huyo amenibebea jambo langu, na mimi nimekuwa nikimwona kupitia dirisha la jikoni kwako, kwenye gari lake, nikapunguza moto wa supu nikaendelea.

Kwa hiyo sikumtii, na hajui kwamba naandika. Goedele anajua. Aliisoma karatasi ya kwanza akanirudishia, akasema ya pili niimalize peke yangu.

Ninachokuomba ni hiki. Usimwambie tena Goedele ahame. Moyo wake sasa unahitaji dawa zake, matembezi yake, usingizi, na nyumba isiyo na vita, na nyumba hiyo anayo. Jumapili watakuja saa sita kama kawaida. Vaa viatu, chukua fimbo, nenda hadi kwenye lile gari ugonge kioo. Huna haja ya kusema maneno mengi. Lode mwenyewe hana mengi. Mwambie chakula kipo. Ukiweza kumwomba radhi, mwombe, lakini hata ukimwambia tu kwamba mbio zinaanza saa nane, ataelewa.

Kuhusu mimi, sikuombi kitu. Ukitaka kukasirika, sasa unajua mahali pa kuielekeza hasira yako, na nitaipokea. Nimekwisha kumwambia Goedele kwamba kila miadi yake ya daktari nitakwenda naye kama atanitaka, na nitakaa kwenye kiti cha pembeni nimefunga mdomo. Alisema hilo la mdomo anataka kuliona kwa macho yake.

Nisalimie jirani yako Bi Odette, na umwambie asparaga za mwaka huu asituletee nyingi. Meza dawa zako za shinikizo, na zikikusumbua usimwulize mtu yeyote wa familia hii, mpigie daktari wako. Jifunike vizuri miguu, maana redio inasema Jumamosi baridi inarudi.

Jumapili sitakuja, ili mpate nafasi. Nitakuja Jumanne jioni, zamu yangu. Ufunguo ninao, lakini sitautumia. Nitapiga kengele, nitasimama nje, na nitasubiri mpaka uamue.

Binti yako,
Veerle